Sahihi Tatu Kabla ya Mtihani

*Wanafunzi wa uuguzi Kakamega humaliza darasa, kisha hukwama kwenye daftari linalojazwa wodini. Makala hii inalifuata daftari hilo hadi mlangoni mwa mtihani wa leseni.*

Mvua ilianza saa tisa alasiri, kama ada ya Kakamega, na kufikia magharibi ilikuwa ingali inapiga mabati ya nyumba yetu hapa Amalemba. Binti wa kaka yangu alikuwa ameketi mezani, daftari lake amelifunika kwa karatasi ya nailoni ya mkate. Paa letu linavuja upande mmoja, naye hakutaka tone hata moja liguse zile kurasa.

“Senje,” akaniita, yaani shangazi, bila kuinua macho, “nimebakisha sahihi tatu tu.”

Daftari lenyewe halina urembo. Jalada limelegea, pembe zimekunjamana kwa kukaa mfukoni mwa sare. Ndani, kila ukurasa una safu: kazi iliyofanywa, tarehe, msimamizi, sahihi, maoni. Kusafisha kidonda. Kudunga sindano. Kuingiza mpira wa mkojo. Kumlisha mgonjwa kwa mpira wa puani. Kupapasa tumbo la mjamzito na kueleza mtoto amelala vipi. Wanafunzi huliita logibuku, na wengi hulala nalo chini ya mto, kwa kuwa likipotea, miaka imepotea.

Kurasa zake karibu zote zilikuwa zimejaa wino wa kila rangi na miandiko ya wauguzi wa kila wodi aliyopitia. Kwenye ukurasa wa uzalishaji, mistari mitatu ya mwisho ilikuwa mitupu.

Darasa alikuwa amemaliza. Mitihani ya chuo alikuwa amepita. Karo ilikuwa imelipwa, salio la mwisho kwa ndama aliyeuzwa sokoni. Wenzake walikuwa wakijiandikisha kwa mtihani wa Baraza la Wauguzi, yeye akibaki kuhesabu mistari. Bila mistari ile, chuo hakingeweza kuthibitisha kwamba ametimiza masharti, na jina lisilothibitishwa na chuo haliingii kwenye orodha ya watahiniwa.

Chuo chake sitakitaja, wala hospitali alikofanyia mazoezi. Kisa chake ni cha wengi, na wenye kuhusika ni wengi pia.

Kuhitimu si kusajiliwa

Wazazi wengi hudhani siku ya mahafali ndiyo mwisho wa safari. Hukodi matatu, huchinja kuku, hupiga picha na joho. Lakini katika uuguzi, joho halimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa chini ya Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Baraza ndilo linaloidhinisha vyuo, kuweka kiwango cha mafunzo, kutahini, kusajili na kutoa leseni. Anayefanya kazi ya uuguzi bila jina lake kuwa kwenye sajili hiyo anavunja sheria, hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku.

Kakamega ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Kaunti hii, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2019, ina vyuo vya uuguzi vya kila aina. Mjini kuna bewa la KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927. Kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kinachotoa shahada. Kuna vyuo vya hospitali za misheni, Mukumu na Mumias, ambako vizazi vya wauguzi wa magharibi mwa Kenya vimelelewa. Na katikati ya mji kuna hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita “Provincial” kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya mkoa mzima.

Safari huanza na alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Anayetaka stashahada huhitaji wastani wa C, na wa shahada C+, pamoja na alama zilizowekwa katika lugha, Biolojia na masomo mengine ya sayansi au Hisabati. Huo ni mlango wa kwanza, nao watu wengi wanaujua.

Mlango wa pili wachache huuona. Mwanafunzi akishapokewa, chuo hulazimika kumwandikisha kwa Baraza ili apewe nambari. Tangu siku hiyo Baraza humjua kwa nambari ile. Idadi ya wanafunzi ambao chuo kinaweza kuwaandikisha huambatana na walimu kilio nao na nafasi za mazoezi hospitalini. Chuo kikipokea wanafunzi kupita kiasi kwa tamaa ya karo, wale wa ziada watasoma, watalipa, watavaa sare, lakini kwa Baraza ni kama hawapo.

> Joho halimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Kati ya nambari na mtihani ndipo daftari linapokaa. Mwanafunzi wa stashahada husomea uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii kwa pamoja, na kila eneo lina saa zake za wodini au vijijini. Lazima aandike visa vya wagonjwa aliowafuatilia tangu walipolazwa hadi wakatoka, na vya wajawazito aliowaona kliniki, akawazalisha, kisha akawatembelea nyumbani. Lazima aende kijijini na wenzake, nyumba kwa nyumba, kuuliza maji yanatoka wapi, choo kina mlango au gunia, watoto wangapi walilala ndani ya neti jana usiku. Kisha wakusanye majibu na kuwasomea wanakijiji wenyewe barazani kwa chifu.

SAFARI YA LESENI KWA UFUPI

- Kupata alama za KCSE zinazotakiwa na kupokewa na chuo kilichoidhinishwa.
- Kuandikishwa na Baraza la Wauguzi na kupewa nambari.
- Kumaliza saa za darasani na za mazoezi, na kujaza daftari.
- Kupita mitihani ya chuo na majaribio ya vitendo wodini.
- Chuo kuthibitisha kwamba masharti yametimizwa. Mwanafunzi kuomba mtihani na kulipa ada.
- Kufaulu mtihani wa Baraza, kusajiliwa na kupewa leseni. Wenye shahada hutakiwa pia kufanya mwaka mmoja wa unagenzi.

Mkono unapotahiniwa

Mtu ambaye hajawahi kulazwa anaweza kuuliza: kwani sahihi hizi zina maana gani? Mtihani si upo? Anayejua atapita, asiyejua ataanguka.

Jibu liko kando ya kitanda. Tuchukue jaribio la kusafisha kidonda. Mtahini husimama na fomu yake, hasemi neno. Mwanafunzi ananawa mikono, anapanga troli, vifaa vilivyotakaswa juu, vingine chini. Anafungua kifurushi bila kupitisha mkono juu yake. Anachovya pamba kwenye dawa, anafuta mara moja kuelekea nje, anatupa. Pamba nyingine, mfuto mwingine. Hapo ndipo kiwiko kinagusa ukingo wa kitambaa safi.

Mgonjwa hakuona. Huenda hata mtahini alikuwa akitazama fomu. Ni mwanafunzi peke yake anayejua kwamba kilichokuwa safi si safi tena. Mwenye malezi ya wodi atasimama, atasema kosa lake, ataomba kifurushi kingine na kuanza upya. Asiye nayo ataendelea kana kwamba hakuna kitu, na siku tatu baadaye kidonda kitatoa usaha.

Karatasi ya maswali haiwezi kumtenga huyu na yule. Wote wawili wanajua jibu la kuandika.

Leba ni vivyo hivyo. Katika chati ya uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, na njia hupimwa kila baada ya saa nne. Kuichora darasani ni kazi ya dakika kumi. Kuijaza saa tisa usiku, mama anapiga kelele, mwenziwe kitanda cha pili naye amekaribia, umeme umekatika na jenereta inakohoa, ni elimu nyingine kabisa. Mtoto akishatoka, mama hudungwa dawa ya kukaza mji wa mimba ndani ya dakika moja, kondo la nyuma hutolewa na kukaguliwa kama limetoka zima, kisha mkono wa mkunga hurudi tumboni tena na tena kuhakikisha mji umekaza kama mpira na haujalegea.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa inapoteza wanawake 362 kwa kila vizazi hai 100,000. Kutoka damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo. Mistari ile mitatu ya daftari la binti yetu ilikuwa inahusu mambo hayo hasa.

Mtoto mmoja, sahihi moja

Basi kwa nini mistari inabaki mitupu?

Sababu ya kwanza ni hesabu. Wodi ni zilezile, wanafunzi wameongezeka. Hospitali kuu ya kaunti hupokea wanafunzi wa zaidi ya chuo kimoja, na si wa uuguzi tu. Wapo wa udaktari, wa utabibu na wa maabara. Si ajabu mama mmoja wa leba kuzungukwa na wanafunzi watatu wenye sare tofauti, kila mmoja ana daftari mfukoni. Lakini mtoto hupokewa na mikono miwili. Atakayempokea ndiye atakayesainiwa. Wengine wawili wameona, wamejifunza kidogo, na mistari yao ni mitupu kama ilivyokuwa asubuhi.

Kwa upande mmoja, Kakamega ilijitahidi kuwaleta akina mama hospitalini. Serikali ya kitaifa ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, na kaunti, chini ya gavana wa kwanza Wycliffe Oparanya, ikaanzisha mpango ambao wananchi waliubatiza Oparanyacare. Mama mwenye uhitaji alilipwa shilingi 2,000 kwa kila hatua, tangu kliniki ya ujauzito, kujifungua hadi chanjo za mtoto, jumla yake shilingi 12,000. Akina mama waliokuwa wakizalia nyumbani wakaanza kuja. Nchini kote, vizazi vilivyosimamiwa na wahudumu waliosomea vilipanda kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi 89 mwaka 2022.

Kwa mwanafunzi hiyo ni neema: akina mama wapo. Kwa muuguzi mwenye zamu ni mzigo: akina mama wapo, na wanafunzi pia wapo, na yeye ni mmoja.

Sababu ya pili ni migomo. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Hawajakaa sawa, wauguzi nao wakatoka tarehe 5 Juni 2017, wakakaa nje hadi mwanzoni mwa Novemba. Kiongozi wao alikuwa Seth Panyako, katibu mkuu wa chama cha kitaifa cha wauguzi, mtu wa Malava, kwa hiyo hapa Kakamega mgomo ule ulikuwa habari ya nyumbani. Miezi mitano wodi za umma zilikuwa magofu. Kisha mwaka 2020 ukaja na korona, vyuo vikafungwa Machi, na mwisho wa mwaka uleule wahudumu wa afya wakagoma tena.

Mgomo ukiisha, muuguzi hurudi kazini na kudai malimbikizo yake. Mwanafunzi harudishiwi chochote. Zamu yake ya leba ilikuwa majuma yale, nayo imepita, na ratiba ya chuo imeshampeleka kwingine.

> Mgomo ukiisha, muuguzi hudai malimbikizo yake. Mwanafunzi harudishiwi chochote.

Wanaovutana

Upande wa Baraza, hoja ni fupi: mgonjwa kwanza. Msamaha ukitolewa kwa huyu kwa sababu ya mgomo, kesho utatolewa kwa yule kwa sababu ya foleni, na keshokutwa atakuja mkunga ambaye hajawahi kuzalisha. Ni hoja isiyo na jibu rahisi. Hakuna mzazi ambaye, binti yake akiwa leba, angependa kuambiwa kwamba aliyemshika mkono alisamehewa nusu ya mazoezi.

Vyuo vina lao. Hospitali hutoza ada kwa kila mwanafunzi anayeletwa kufanya mazoezi, na walimu wa kliniki, wale wanaopaswa kusimama na mwanafunzi kando ya kitanda, ni wachache na ni ghali. Chuo cha misheni chenye hospitali yake kina nafuu kwa uuguzi wa jumla, lakini wanafunzi wake bado hulazimika kutoka kwenda kutafuta mazoezi ya afya ya akili na mengine ambayo hospitali ya nyumbani haina. Na chuo kisichokuwa na hospitali hutegemea hisani ya wengine kwa kila kitu.

Muuguzi wa wodini ndiye anayesahaulika. Mkataba wake wa kazi ni kumhudumia mgonjwa. Hakuna anayemlipa kufundisha, lakini kila asubuhi wanafunzi sita wanamsubiri kando ya meza ya dawa, kila mmoja na “Sister, tafadhali nisimamie.” Akikubali, kazi yake inachelewa. Akikataa, anaitwa mkali. Ipo njia ya tatu, na kila aliyepita wodini anaijua: kusaini bila kuona. Mwisho wa zamu, daftari kumi juu ya meza, kalamu moja, dakika tano. Wote wanaenda nyumbani wakiwa na furaha.

Kwangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Masharti yenyewe si mabaya. Ubaya ni kuweka masharti yanayotegemea mtu ambaye hakupewa muda, hakupewa malipo wala mafunzo ya kuyatekeleza. Sahihi ikiwa bure kwa aliyeiamuru, mtu mwingine ataigharimia. Sahihi ikikosekana, atakuwa mwanafunzi, kwa miezi ya kusubiri. Sahihi ikidanganywa, atakuwa mgonjwa.

Yaliyowakuta wahandisi

Mji huu umewahi kuona mvutano wa chuo na chombo cha taaluma ukifika mbali. Wahitimu wa uhandisi wa Masinde Muliro na wa Egerton walimaliza masomo yao, wakaenda kuomba kusajiliwa, bodi ya wahandisi ikawakatalia kwa kuwa haikuzitambua kozi zao. Walikwenda mahakamani. Shauri lilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua mwaka 2018. Kijana aliyeingia chuoni akiwa na miaka ishirini alikuwa keshakuwa mtu mzima mwenye familia.

Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mamlaka ya kuidhinisha kozi, na mabaraza ya taaluma hayakufurahi. Vyuo vikuu vinasema haiwezekani kukaguliwa na kila chombo. Mabaraza yanajibu kwamba cheti cha chuo hakimlindi mgonjwa kwenye meza ya upasuaji. Katika uuguzi, ubishi huu humfikia mwanafunzi kwa swali moja ambalo mzazi angefaa kuliuliza kabla ya kulipa hata shilingi: je, Baraza limekiidhinisha chuo hiki, na limekiruhusu kuandikisha wanafunzi wangapi mwaka huu?

Bei ya kusubiri

Nafasi ya mtihani ikipita, mwanafunzi husubiri inayofuata. Kwenye karatasi ni miezi tu. Nyumbani ni kodi ya chumba karibu na hospitali, nauli ya boda, chakula, sare mpya kwa kuwa ya zamani imepauka. Waliosoma kwa mkopo wa Afya Elimu, mfuko uliozinduliwa mwaka 2013 kuwasaidia wanafunzi wa kozi za afya, deni linawasubiri vilevile.

Wenye shahada huongezewa subira nyingine. Hata baada ya mtihani, wanahitaji nafasi ya unagenzi, na nafasi hizo hutegemea bajeti ya serikali. Mwaka 2024 nchi ilishuhudia mgomo wa madaktari tangu tarehe 14 Machi hadi 8 Mei, na mzizi wake mkubwa ulikuwa hao hao wanagenzi: lini watapelekwa, na watalipwa kiasi gani. Wauguzi wanagenzi walikuwa wamekaa kwenye foleni hiyohiyo, ila sauti yao haikusikika sana.

Na kuna wanaotazama mbali zaidi. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, na mwaka 2024 ikakubaliana na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Vijana wa Kakamega wanayafuatilia haya kwa simu zao zaidi kuliko wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Lakini hakuna nchi itakayompokea muuguzi ambaye Baraza la kwao halijamsajili. Na hata usajili hautoshi: mwaka uleule wa 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza kwa ajili ya kwenda Uingereza, 10 pekee ndio waliofaulu. Nchi nzima ilicheka, isipokuwa wale 290.

Majirani nao hawana njia ya mkato. Tanzania, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ina baraza lake na mtihani wake wa leseni. Uganda ina bodi ya mitihani iliyo tofauti na baraza linalosajili. Kila mahali wameona kwamba anayefundisha asiachiwe peke yake kusema aliyefundishwa ameiva.

Yanayowezekana

Sioni haja ya kulegeza masharti. Naona haja ya kuyagharimia.

Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na vyuo vinalipa hospitali ada za mazoezi. Sehemu ya ada hizo ingeweza kumrudia muuguzi anayesimamia, kwa posho au kwa kupunguziwa wagonjwa siku ya kufundisha. Akilipwa kuona, itakuwa halali kumwajibisha akisaini asichokiona.

Ratiba nayo. Vyuo vya kaunti moja vingekaa meza moja mwanzoni mwa mwaka na kugawana wodi za leba kama wakulima wanavyogawana zamu za maji, badala ya kukutana mlangoni saa moja asubuhi. Vituo vya afya vya Navakholo, Khwisero, Likuyani na Matungu vinazalisha akina mama kila usiku, na huko daftari huwa moja au hakuna. Kinachokosekana ni kitanda cha mwanafunzi kulala, na mwalimu wa kwenda kumwona.

Na kuhusu migomo, chuo kingepaswa kuwa na mpango wa kufidia zamu zilizopotea ulioandikwa kabla mgomo haujatangazwa. Katika nchi hii, kusema mgomo ulikuja ghafla ni sawa na kusema masika yalikuja ghafla.

Mstari wa tatu

Binti yetu alipata nafasi ya kurudi leba, usiku, kwa majuma mawili. Usiku akina mama ni wengi na wanafunzi wa kugombania ni wachache. Juma la kwanza alirudi na sahihi mbili. Juma la pili alirudi alfajiri, akatupa mkoba kitini, akalifungua daftari mbele yangu.

Mstari wa tatu ulikuwa na tarehe. Ulikuwa na jina la kazi. Mahali pa sahihi palikuwa patupu, na kwenye safu ya maoni, kwa kalamu ya risasi, neno moja: *Rudia.*

“Mtoto alitoka salama, Senje. Mama yuko salama. Kondo nililikagua lote. Nilikwenda kumpima mtoto uzito, nikasahau kurudi kulishika tumbo la mama. Dakika chache tu. Mkunga akanitoa nje ya chumba.”

Nilifungua mdomo nimlaani huyo mkunga. Tarehe ya mtihani ilikuwa inakimbia, na ndama hakubaki wa kuuza. Maneno hayakutoka. Nilikumbuka usiku wa kifungua mimba wangu, mkunga mmoja mwenye uso mkavu aliyekuwa akija kila robo saa kunibonyeza tumbo kwa mkono wa baridi, nami nikimtukana kimoyomoyo aniache nilale. Mara ya tano au ya sita hakuondoka. Alipaza sauti, taa zikawashwa, watu wakaja mbio. Nilisikia shuka chini yangu limekuwa zito na vuguvugu.

Jina lake sikuwahi kulijua. Nani alimsainia daftari lake, na mara ngapi alimwambia arudie, sijui.

Nilimmiminia binti yangu chai. Akalirudisha daftari ndani ya karatasi yake ya nailoni, akaniomba nimwamshe saa kumi na moja jioni. Alikuwa na zamu.